Jengo ni la nani? Maduka makubwa katika miji ya soko ya Uingereza

Watu wakikumbuka maduka makubwa ya miji ya soko ya Uingereza, yaani miji midogo iliyokua kuzunguka soko, hukumbuka bidhaa na mabango. Mimi, kwa kuwa kazi yangu ni historia ya biashara, huanza na swali jingine: jengo lilikuwa la nani?

Mchukue muuza vitambaa wa karne ya 19. Mambo yakimnyookea, ananunua nyumba ya jirani, anatoboa ukuta na kuongeza kitengo cha kofia. Baadaye ananunua ya tatu, anaweka samani. Hivyo ndivyo maduka mengi yenye vitengo yalivyotanuka katika miji hii midogo, na ukitaka ushahidi utazame sakafu: vipandio viwili vitatu vinavyojitokeza katikati ya duka bila sababu huonyesha nyumba moja ilipoishia na nyingine kuanza. Katika maduka mengi muuzaji hakuwa na droo ya fedha. Alitia noti na risiti ndani ya kikopo, akakisukumiza kwenye bomba la hewa hadi kwa keshia ghorofani, na chenji ikarudi kwa njia hiyohiyo. Ilikuwa fahari ya duka, lakini pia ilikuwa njia ya tajiri kuhakikisha fedha hazipiti mikono mingi.

Maduka yenye matawi nayo husemwa kwamba yalikuja kuua soko. Kumbe mengine yalizaliwa humohumo. Michael Marks, mwasisi wa Marks & Spencer, aliweka meza katika soko la Kirkgate, Leeds, mwaka 1884, akauza vitu kwa peni moja. Bei ikiwa moja, hakuna kupatana, na hata mhudumu mgeni anaiweza kazi. Woolworth ya Marekani, iliyofungua duka lake la kwanza Uingereza mjini Liverpool mwaka 1909, ilijiwekea ukomo wa peni 6. Kitu kikizidi hapo kiligawanywa: birika bei yake, kifuniko bei yake! Ukomo huo ulidumu hadi Vita vya Pili vya Dunia.

Kampuni hizi zilipopata nguvu zilijenga. Montague Burton, aliyeuza suti kwa watu wa kawaida, alipenda viwanja vya kona, na ghorofani mara nyingi palikuwa na ukumbi wa biliadi, hivyo vijana wakienda kucheza walipita kwanza mbele ya suti. Mawe ya msingi ya baadhi ya majengo hayo yana majina ya watoto wake. Duka la dawa la Boots huko Bury St Edmunds lilipamba ukuta wake kwa sanamu za wafalme.

Kisha kampuni zikaanza kuuza majengo yao. Mwaka 2001 majengo 182 ya Woolworths yaliuzwa kwa pauni milioni 614, na maduka yakabaki humo kama wapangaji. Debenhams, kampuni ya maduka yenye vitengo, ikafanya hivyo kwa majengo 23 mwaka 2005. Woolworths ilifunga milango Januari 2009, Debenhams mwaka 2021. Intaneti iliwaumiza, sikatai. Lakini mikataba mingi ya pango la biashara Uingereza ilitaka kodi ipitiwe kila miaka 5, kwa sharti moja: yaweza kupanda, haishuki hata mauzo yakianguka.