Molekuli 10 zikigeuka, 20 zinapotea

Huku idara ya kemia kila mwaka tunapata wanafunzi waliokariri kwamba kwenye SN2 (mmenyuko ambapo kitu kimoja kinaingia kwenye kaboni na kingine kinatoka kwa mpigo mmoja) molekuli inageuka, sasa waulize nani aliiona ikigeuka, kimya.

Chukua kipande cha kiazi, chomeka vijiti vinne vya meno, kwenye ncha weka harage, punje ya mahindi, njugu na karoti. Hiyo ndo kaboni yako. Tengeneza nyingine iwe kama sura yake kwenye kioo, basi hata uizungushe vipi haitalingana na ya kwanza, ni mkono wa kulia na wa kushoto, na kwenye polarimita (kifaa kinachopima molekuli zinavyopinda mwanga) moja inapinda mwanga kulia nyingine kushoto kwa kiasi kilekile.

Kwenye SN2 nukleofaili (kile kinachoingia, chenye elektroni za kuipa kaboni) inaingia kwa mgongoni, mkabala na kile kinachotoka, vijiti vitatu vinavyobaki vinapinduka kama mwavuli uliokutana na kusi. Paul Walden kule Riga mwaka 1896 alichukua asidi ya maliki (ndo inayofanya tufaha bichi liwe chachu) inayopinda kushoto, akaipachika klorini, kisha akaitoa, ikarudi asidi ileile ila sasa inapinda kulia! Alijua imegeuka, ila hatua ipi? Hapo ndo ilibaki fumbo.

Jibu lilitoka London mwaka 1935, mkemia Hughes na wenzake walichanganya 2-iodooktani (molekuli yenye iodini kwenye kaboni kama ile ya kiazi) na iodidi yenye mionzi ndani ya asetoni, yaani iodini inatoka iodini inaingia, kwa hiyo mionzi inakuhesabia ngapi zimebadilishana na polarimita inakuambia ngapi bado zinapinda mwanga. Piga hesabu: una molekuli 100 za kulia, 10 zinageuka, zinabaki 90, lakini zile 10 za kushoto zinafuta nyingine 10, kwa hiyo nguvu ya kupinda mwanga iliyobaki ni ya 80. Zimebadilishana 10, umepoteza 20. Ingekuwa iodini inaingia popote inapotaka, nusu tu zingegeuka na ungepoteza 10. Wao walipata mara mbili, maana yake kila inayobadilishana inageuka, hakuna inayobaki.

SN1 ni habari nyingine, kinachotoka kinatangulia, kaboni inabaki bapa, nukleofaili inaingia upande wowote, unapata karibu nusu kwa nusu. Nasema karibu kwa sababu yule aliyetoka mara nyingi anakawia mlangoni na kuziba upande wake, kwa hiyo ukikuta zilizogeuka zimezidi kidogo usikimbilie kuosha vyombo upya.