Oksidi za metali nazo hupitisha umeme
Wengi tumekua tukiamini kwamba metali ikishaungana na oksijeni, yaani ikishakuwa oksidi, haipitishi tena umeme. Imani hiyo ina msingi wake: kutu kwenye maungio ya nyaya hukwamisha umeme, ndiyo maana fundi huikwangua.

Lakini si oksidi zote ziko hivyo. Vioo vingi vya simu za kugusa vina utando mwembamba, usioonekana, wa oksidi ya indiamu (aina ya metali) iliyotiwa bati kidogo, nao hupitisha umeme vizuri. Kinachonivutia zaidi ni mwanga. Miale ya urujuanimno, yaani mwanga usioonekana kwa macho, ikiupiga utando wa oksidi ya zinki, hufungua elektroni zilizoshikwa ndani, na pia huondoa oksijeni iliyonata juu yake ikizing'ang'ania elektroni nyingine. Umeme hupita zaidi, hata bila kuupasha utando joto. Ukizima taa, hali hiyo hufifia polepole, pengine kwa saa kadhaa.

Unaweza kuhakiki jambo la aina hii mwenyewe. Tafuta sensa ya mwanga (kihisi mwanga) ya bei nafuu, ile ambayo ukinzani wake, yaani kiasi inachozuia umeme, hubadilika kwa mwanga. Nyingi ni za kadimiamu salfaidi, si oksidi, ila mwanga huzifungua elektroni vivyo hivyo. Iunge na multimita (kifaa cha kupimia umeme) iliyowekwa kwenye omu, kipimo cha ukinzani, kisha ifunike kwa kiganja: ukinzani utapanda.