Kabla ya Kununua Runinga, Uliza Mwanga Unatoka Wapi

"Fundi, TV inaongea lakini haionyeshi." Malalamiko hayo ndiyo yanayoleta runinga nyingi zaidi kwenye meza yangu hapa Kondele, Kisumu. Nazima taa ya karakana, nawasha tochi ya simu na kuisogeza karibu na kioo kwa mshazari. Mwenye runinga anainama, anakodoa macho, halafu anamwona mtangazaji wa habari yupo pale pale, anasoma taarifa yake gizani. Picha haijaenda popote. Kilichokufa ni taa za nyuma.

Ukilielewa hilo, nusu ya maneno ya muuza duka hayatakubabaisha tena. Karibu runinga zote zinazouzwa Kisumu ni LCD, hata kama kartoni imeandikwa LED kwa herufi kubwa. Kioo chenyewe hakitoi mwanga. Ndani yake mna fuwele za kimiminika ambazo umeme huzigeuza, nazo huruhusu mwanga upite au huuzuia, nukta kwa nukta. LED ni zile taa ndogo zilizopangwa nyuma yake, zilizochukua nafasi ya mirija ya floresenti ya LCD za kwanza. Kwa hiyo anayekuambia "hii si LCD, hii ni LED" anakuuzia kitu kilekile kwa jina la balbu yake.

Na QLED je? Nayo ni LCD. Taa zake ni za buluu, na mbele yake pana utando wenye chembe ndogo mno zinazopokea mwanga huo wa buluu na kuutoa tena ukiwa mwekundu au wa kijani, kutegemea ukubwa wa chembe. Sayansi yake si mzaha: Bawendi, Brus na Ekimov walipewa Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 2023 kwa kazi ya chembe hizo. Faida yake ni rangi, hasa nyekundu na kijani zilizokolea. Weusi haiuboreshi. Ukizima taa chumbani na filamu ikaonyesha usiku, QLED ya bei ya chini itakupa usiku wa kijivu sawasawa na jirani yake wa LED, kwa sababu taa za nyuma bado zinawaka na hakuna kioo cha LCD kinachozuia mwanga wote.

Hapo ndipo panapostahili pesa zako, na ndipo maduka yanaponyamaza. Vioo vya LCD viko vya aina mbili kubwa. Kuna VA, ambacho huzuia mwanga vizuri: sehemu nyeupe huweza kung'aa mara 3,000 au zaidi kuliko sehemu nyeusi. Kuna IPS, ambacho hubaki karibu na mara 1,000, lakini picha yake haibadiliki sana ukiitazama kutoka pembeni. Sasa fikiria sebule zetu. Makochi yamezunguka kuta tatu, meza katikati, na siku ya mechi hata stuli za jikoni zimeingia. Wa mbele anaona vizuri, ila aliyekaa kwenye kochi la pembeni, kama kioo ni VA, anaona jezi zimepauka na ngozi za wachezaji zimekuwa za majivu. Kwa sebule ya namna hiyo mimi huchagua IPS. Anayetazama peke yake usiku, kochi likielekea runinga, achukue VA na asahau habari za pembe.

Kartoni haitakuambia ni kipi. Usimuulize mhudumu, jipimie: simama mbele ya runinga, kisha tembea pole pole hadi ubavuni kwake huku ukitazama uso wa mtu kwenye picha. Ukipauka haraka, ni VA. Halafu mwombe aondoe hali ya maonyesho ya duka na kuweka ya nyumbani. Dukani mwanga na rangi vimesukumwa hadi mwisho, na video inayochezwa ni ya samaki na maua iliyotengenezwa ili chochote kipendeze. Beba flashi yako yenye kipande cha filamu ya gizani. Akikataa kuichomeka, Barabara ya Oginga Odinga ina maduka mengine.

OLED ndiyo tofauti ya kweli. Hapo kila nukta hujiwakia yenyewe na kujizima yenyewe, hakuna taa za nyuma, na nyeusi ni nyeusi kabisa. Pembeni haipauki. Sony walitoa ya kwanza kuuzwa mwaka 2007, ya inchi 11 tu. LG wakaleta za inchi 55 mwaka 2013. Kwa filamu usiku sijaona kinachoishinda, nasema hivyo bila kusita.

Ila kuna mzee mmoja wa Milimani aliyeniita nyumbani kwake kuhusu OLED yake. Runinga ilikuwa kwenye stesheni ya habari tangu chai ya asubuhi hadi saa tatu usiku, kila siku, kwa miaka. Nilimjazia kioo rangi nyekundu tupu, na pale chini ukaonekana mstari mpana hafifu wa habari zinazopita, na kwenye kona nembo ya stesheni. "Si ufute tu, fundi?" Nikamwambia, mzee wangu, hili halifutiki. Nukta hizo zimechakaa kuliko wenzake, kwa kuwa zimewaka vilevile saa nyingi kuliko zote. Runinga za OLED zina programu ya kupunguza tatizo hili na matoleo ya sasa yanastahimili zaidi, lakini nyumba ambayo habari haizimwi si nyumba ya OLED. Wala si nyumba yenye madirisha makubwa yanayotazama ziwa bila pazia zito. Jua letu la saa nane mchana linahitaji kioo chenye nguvu ya mwanga, na hapo LCD nzuri huipita OLED.

Kati ya hizo mbili ipo mini-LED: LCD bado, lakini taa za nyuma ni ndogo na nyingi mno, zimegawanywa kwa maeneo yanayozimwa na kufifishwa kila moja kivyake. Hung'aa sana mchana, na usiku nyeusi yake inaikaribia OLED, ingawa utaona ukungu wa mwanga kuzunguka maandishi meupe kwenye giza. Uliza idadi ya maeneo. Mhudumu asipoijua, imo kwenye tovuti ya mtengenezaji. Kama hata huko haimo, nashuku ni machache.

Runinga za mitumba za plazma, teknolojia ya zamani, waachie wenye nazo. Makampuni makubwa yaliacha kuzitengeneza kufikia 2014, ni nzito, na tokeni za stima zinaisha ukiziangalia.

Kuhusu 4K, yaani kioo chenye nukta 3,840 kwa upana, nitasema kwa hesabu. Kioo cha inchi 43 kina upana wa karibu sentimita 95. Kikiwa na nukta 1,920 kwa upana, kila nukta ni kama nusu milimita. Ukikaa mita tatu, jicho la kawaida haliwezi kutenganisha kitu kidogo kiasi hicho, sembuse robo milimita ya 4K. Kwa inchi 65 na kochi lililo karibu, tofauti unaiona. Kwa inchi 43 na habari za jioni, unalipia stika. Lakini runinga nyingi kubwa sasa huja na 4K utake usitake, basi usiitumie kama kigezo.

Mimi kama fundi nina kipimo changu kingine: itakapoharibika, itatengenezeka? Taa za nyuma za LCD hubadilishwa. Zimeunganishwa kwa mfululizo kwenye vipande virefu, moja ikikatika mstari mzima unazimika, na mara nyingi bodi inazima zote. Ukiona doa jeupe la duara kwenye picha, lenzi ndogo ya plastiki imebanduka juu ya taa. Ukiona picha imegeuka zambarau, ile rangi ya manjano inayofunika taa za buluu imeungua. Yote hayo nayatengeneza, na nabadilisha vipande vyote kwa pamoja, kwani ukibadilisha kimoja mteja hurudi na kingine. OLED ikichakaa, au kioo chochote kikipasuka, bei ya kioo kipya huwa karibu na ya runinga nyingine.

Kinachoua taa hizo ni joto, na joto linatoka kwenye mipangilio ambayo hakuna anayeigusa. Siku ya kwanza tu, ingia kwenye menyu ya picha, tafuta mwanga wa nyuma (backlight), uushushe hadi 60 au 50. Usichanganye na ule mpangilio mwingine unaofanya weusi kuwa kijivu. Unachotaka ni wa taa zenyewe. Macho yanazoea haraka, taa zinadumu, na tokeni pia, kwa sababu umeme mwingi wa LCD huishia kwenye taa hizo.

TV gadi, kile kifaa cha kuikinga runinga na umeme usiotulia, inunuliwe pamoja na runinga, isingoje mwezi ujao. Stima yetu inapopotea, hatari iko inaporudi, na gadi huisubirisha runinga kidogo hadi umeme utulie. Radi ni habari nyingine. Kuanzia hapa hadi Kakamega na Kisii mvua ya jioni haiji kimya, na gadi haikusaidii radi ikipitia waya wa antena. Nimepokea runinga ambazo upande wa stima ni mzima kabisa na tundu la antena limekuwa jeusi. Mawingu yakikusanyika, chomoa soketi na antena, zote mbili.