Mbwa asiyetoka getini naye anahitaji chanjo

"Mbwa wangu hatoki getini, chanjo ya nini?" Kauli hii husikika sana mijini, na inanitia hofu kila mara. Geti halizuii kichaa cha mbwa. Paka wa jirani huruka ukuta usiku, nguchiro hupenya kwenye mtaro wa maji, na ipo siku anayeleta mtungi wa gesi ataacha geti wazi. Kung'atwa mara moja kunatosha.

Virusi vya ugonjwa huu husafiri kupitia mishipa ya fahamu hadi kwenye ubongo, safari inayoweza kuchukua wiki au miezi. Ndiyo maana mbwa anaweza kula vizuri na kucheza na watoto ilhali mate yake yana virusi tayari, siku kadhaa kabla ya dalili. Dalili zikishajitokeza, kwa mnyama au kwa mtu, karibu hakuna anayepona. Na takriban asilimia 99 ya maambukizi kwa binadamu hutoka kwa mbwa.

Wengine huchanja mara moja mbwa akiwa mdogo, wakaishia hapo. Kinga hupungua. Kwa kawaida chanjo ya kwanza hutolewa akifikisha miezi 3, kisha hurudiwa kila mwaka; zipo pia za miaka 3, kwa hiyo soma tarehe kwenye kadi. Paka naye achanjwe.

Mnyama akikung'ata, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha uende hospitali siku hiyo hiyo.