Uhalisia pepe ni nini, na kweli utaiua PS?

Hili swali limeanzia kwenye benchi. Mdogo wangu ana kibanda cha gemu huku Igoma, Mwanza, tv tatu, PS (PlayStation) tatu, mechi jero, anayefungwa anaachia padi, sasa juzi dogo mmoja akamuuliza hivi bro baada ya gemu kitakuja nini, maana kaseti zilikuja zikapita, kibanda umiza nacho simu zimekimaliza, so na PS nayo ina siku yake. Watu wote benchi zima wakajibu "VR", yakaishia hapo. Ila nikaona wengi tunalitaja tu hilo neno, ukimwambia mtu elezea anaanza kupiga miluzi.

VR ni kifupi cha virtual reality, Kiswahili chake ni uhalisia pepe. Na hapa mzee wa Magu au Kwimba aliyelima mpunga anaweza kukuelewa haraka kuliko kijana wa kompyuta, maana pepe anaijua, ni ile punje ukiitazama ni mpunga kabisa, ganda lipo, rangi ipo, ukianza kupepeta tu inaondoka na upepo kwa sababu ndani hamna kitu. Mimi navyolielewa hilo neno ndo hivyo: macho yanaona, masikio yanasikia, mwili unaamini kabisa uko pale, halafu ukivua miwani kumbe umekaa kwenye kiti cha plastiki.

Miwani yenyewe ni minene, imeziba kama ya fundi wa kuchomelea. Ndani kila jicho lina picha yake na zile picha mbili zinapishana kidogo, kama macho yako yenyewe yanavyopishana, ubongo unaziunganisha ndo unaona hiki kiko karibu kile kiko mbali (ziba jicho moja ujaribu kuingiza uzi kwenye sindano utanielewa). Halafu kuna vihisio vinavyofuata kichwa, ukigeuka kushoto na dunia ya mle ndani inageuka. Hapo ndo inapoachana na gemu tulizozoea. Kwenye PS wewe uko nje, unachungulia dirishani unamtuma mtu kwa kidole gumba. Huku dirisha hamna, ukitaka kuona nani yuko nyuma yako unageuka nyuma, ukitaka kukwepa ngumi unainama.

Na wala sio kitu cha jana. Mwaka 1968 Mmarekani mmoja, Ivan Sutherland, alishatengeneza kifaa cha kuvaa kichwani, kizito mpaka kikabidi kining'inizwe darini. Pong ya Atari, ile gemu ya viubao viwili na kidoti iliyosambaa kwenye mabaa ya Marekani, imekuja 1972. Yani hiki tunachosema kitakuja kurithi gemu kimeitangulia Pong kwa miaka minne! 1995 Nintendo nao wakajaribu na Virtual Boy, picha zake nyekundu kwenye weusi tu, haikumaliza mwaka sokoni. 2014 Facebook wakainunua Oculus, kampuni ya miwani hizi, kwa dola kama bilioni 2, 2021 wakabadili mpaka jina la kampuni wakajiita Meta, na 2024 Apple wakatoa yao kwa dola 3,499, hela ambayo huku unanunua bodaboda mbili mpya na chenji inabaki. Na bado kibandani kwa mdogo wangu foleni ni ya PS.

Kwa nini? Bei ni sababu moja lakini mi naona kubwa ni kichefuchefu, na watu wa ziwani hiki kitu tunakijua vizuri sana. Umewahi kupanda meli ya kwenda Nansio, kisiwani Ukerewe, siku ya mawimbi ukakaa chini kabisa? Macho yanaona ukuta umetulia, ila ndani ya sikio kuna vijifereji vyenye majimaji vinavyopima mwendo, navyo vinaambia ubongo tunayumba. Ubongo unapata taarifa mbili zinazogombana, tumbo ndo linalipa. Ndo maana wazoefu wanakwambia panda juu, tazama vilima vya Ukerewe kule mbele, macho na sikio yakubaliane. Sasa miwani inakufanyia kinyume chake: macho yanaona unakimbia, sikio linasema huyu kakaa. Ugomvi ule ule, na safari hii hamna kilima cha kutazama. Mainjinia wamepunguza sana, wanapigania picha isichelewe zaidi ya milisekunde 20 hivi ukigeuza kichwa, na nyingi zinaonyesha picha 90 kwa sekunde, hiyo inasaidia kichwa kikigeuka, ila ukikaa kwenye kiti halafu picha ikatembea ugomvi haujaisha.

Mi mwenyewe nilijaribu, jamaa mmoja alileta moja mjini akawa anachaji buku mbili dakika tano. Akanipandisha kwenye kale kagari ka reli kanakopanda juu kanaporomoka. Dakika ya pili nimeng'ang'ania meza yake kwa mikono yote miwili, nasikia watu wanaangua kicheko na siwaoni. Hilo la kutowaona liliniudhi kuliko hata tumbo.

Kwa hiyo kuna ndugu yake, uhalisia ulioongezwa, huyu hakuzibi macho, dunia inabaki palepale ila inawekewa vitu juu yake. Pokémon Go ya 2016 ndo ilikuwa hivyo kwa simu, watu wazima wanazunguka mitaani wanawinda vidudu visivyokuwepo. Fikiria miwani myepesi ya kawaida tu, umekaa pale ufukweni unaona mamba kalala juu ya jiwe la Bismarck, na mwenzako pembeni anamuona huyohuyo. Ya kuweka chipu kwenye ubongo nayo ipo, kampuni ya Neuralink walimpandikiza mtu wa kwanza 2024, kapooza kuanzia mabegani kushuka chini na akacheza chesi kwa kuwaza tu, kwake hiyo ni ukombozi, ila sioni mtu wa Igoma akipasuliwa fuvu kwa ajili ya mechi ya jero.

Kinachonistua zaidi ni AI, yani akili bandia. Agosti 2025 Google walionyesha Genie 3, unaiandikia maneno inakutengenezea dunia unayotembea ndani yake hapohapo, hakuna mtu aliyekaa kuichora. Wakati ule ilikuwa inadumu dakika chache tu ndo inaanza kusahau. Ila ukiniuliza nibeti, nabeti hapo, miwani myepesi na dunia ambayo kila mtu anaiagiza ya kwake kama anavyoagiza chipsi.

Nikamwelezea dogo yote haya. Kasikiliza, kisha kauliza, "Sasa sisi tulio kwenye benchi tutaangalia nini?" Mdogo wangu akamwambia picha ya ndani ya miwani unaweza kuirusha kwenye tv, na ni kweli hata leo inawezekana. Dogo akawaza kidogo, akasema basi poa, akaomba padi maana zamu yake ilikuwa imefika.