Sepsisi na moyo: majibu kwa watu wa Mwanza na visiwani

Swali: Jirani yetu hapa Kirumba alichomwa na mwiba wa sangara mkononi. Kidonda kikavimba, akalazwa, na daktari akasema moyo umedhoofika. Kidonda cha mkono kinafikaje moyoni?

Jibu: Maambukizi yakikolea, kinga ya mwili inaweza kupambana kupita kiasi hadi ikadhuru viungo vya mwili wenyewe. Hiyo ndiyo sepsisi. Mishipa ya damu hulegea na presha hushuka. Ndani ya msuli wa moyo, seli hushindwa kutumia oksijeni ipasavyo, na mpangilio wa kalsiamu, inayouwezesha msuli kubana, huvurugika. Moyo unakwenda mbio, lakini kila pigo linasukuma damu kidogo. Nimonia, UTI na maambukizi baada ya kujifungua huweza kufikisha mtu hapo hapo.

Swali: Basi moyo wake umekufa?

Jibu: Mara nyingi hapana, na ndugu wa mgonjwa wanastahili kuambiwa hivyo. Mwaka 1984 watafiti wa Marekani waliwapima wagonjwa ambao presha yao iliporomoka kwa sepsisi. Wengi wa walionusurika, nguvu ya moyo ilishuka siku za mwanzo, kisha ikarudi ndani ya siku 7 hadi 10. Hata hivyo, akiruhusiwa asiache kliniki, kwa kuwa hatari ya maradhi ya moyo hubaki juu kwa muda.

Swali: Kwa nini hawakumtundikia dripu nyingi haraka?

Jibu: Moyo dhaifu unaweza kuzidiwa na maji. Utafiti wa mwaka 2011 kwa watoto zaidi ya 3,000 wa Kenya, Uganda na Tanzania, waliokuwa na homa kali na mzunguko mbaya wa damu, ulionesha kwamba waliomiminiwa maji kwa kasi walikufa zaidi: takriban 10 au 11 kati ya 100 ndani ya saa 48, dhidi ya 7 kwa wenzao. Mgonjwa wa kipindupindu ni habari nyingine kabisa. Huyo anahitaji maji upesi.

Swali: Niko Ukerewe. Nikimbilie hospitali lini?

Jibu: Mwenye homa au kidonda akianza kupumua haraka, kuchanganyikiwa, kukojoa kidogo, au mikono na miguu ikawa baridi, usinunue vidonge dukani na usisubiri kivuko cha kesho. Mpeleke kituo cha karibu saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku, umwambie mhudumu kwamba unahofia sepsisi. Presha ikishuka, antibiotiki ya sindano inatakiwa ndani ya saa moja, kwa hiyo ianze hapo hapo kabla ya rufaa ya kwenda hospitali ya Bugando, Mwanza.