Deni la hospitali, rekodi ya mkopo na watu wa kubadilisha laini

Msimu wa mbolea ukikaribia hapa Mbeya foleni ya mikopo ya pembejeo ofisini kwetu inarefuka, na safari hii malalamiko yamezidi, mtu katoka Uyole au Mbalizi na karatasi zake za shamba anaambiwa ombi limekataliwa, anawaka, anasema BoT wamemfungia sababu ya deni la hospitali. Jamani, Benki Kuu haimfungii mtu. Inatunza kanzidata ya wakopaji, taarifa zinapelekwa na wakopeshaji wenyewe.

Mwezi uliopita kaja mama mmoja muuza viazi, kadi ya hospitali na risiti za kontroo namba kazifunga kwenye pindo la kitenge, hospitali alishamaliza zamani. Tulivyofungua ripoti yake, kwa ridhaa yake, kilichokaa pale ni mkopo wa simu, sh 80,000, aliochukua usiku ule mumewe anaingia opresheni. Alijua ni "pesa ya mtandao" tu. Mama, nyuma ya ule mtandao kuna benki.

Mkopo ukipita siku 90 bila marejesho unahesabika chechefu, yaani mkopo usiolipika, na hapo kila mkopeshaji anayekuchungulia anauona. Kubadilisha laini hakusaidii, sijui nani anawadanganya hivi, laini imesajiliwa kwa kidole na rekodi inafuata namba ya NIDA, sio namba ya simu.

Sasa fanya hivi: omba ripoti yako kwa taasisi ya taarifa za mikopo yenye leseni, angalia nani kaandika deni, kiasi gani, lini. Nenda kwa huyohuyo, sio kwetu. Kama huna yote omba kulipa kidogokidogo na makubaliano yawe kwenye karatasi, ukimaliza dai barua ya kumaliza deni alafu uliza taarifa mpya itapelekwa lini. Kama deni sio lako au ulishalipa, andika barua, ambatanisha meseji ya muamala, wakikuzungusha ndo unapeleka lalamiko Benki Kuu, tawi lipo hapahapa mjini. Ila kulipa hakufuti historia, itaonekana ulichelewa ukalipa, na hiyo kwetu ni afadhali mara kumi.

Na kabla hujakopa kwa ajili ya bili, pita ofisi ya ustawi wa jamii pale hospitali, ueleze kwamba bili imekushinda. Watu wanaipita mlangoni wanakimbilia kausha damu, ile mikopo ya riba kubwa, inaniuma kweli.

Yule mama alilipa kwa awamu mbili, juzi karudi na barua kwenye kitenge kilekile. Nimeisoma, namba ya NIDA ina tarakimu 20, wao wameandika 19. Ikabidi nimrudishe akairekebishe.